Semina za kiwewe Kigoma: mgonjwa aeleze mara ngapi?

Mama mmoja Mrundi aliletwa kwenye kituo chetu cha afya, huku Kigoma, usiku wa mvua. Nilimpa pole, nikavuta kiti, nikafungua faili na kumuuliza kwa sauti ya chini kama nilivyofundishwa: umepatwa na nini? Alinitazama kidogo. "Dada, nimesema polisi. Nimesema kwa yule wa ustawi. Na hapo mlangoni nimesema. Kwani ninyi hamwambiani?"

Wiki mbili kabla ya usiku ule nilikuwa nimekaa siku 2 kwenye ukumbi wa hoteli Kasulu mjini, nikijifunza huduma inayozingatia kiwewe, yaani jeraha linalobaki ndani ya mtu baada ya kupatwa na jambo la kutisha. Cheti nilikuwa nacho. Jibu la mama yule sikuwa nalo.

Semina za namna hii tunaitwa wengi: wauguzi, walimu, maafisa ustawi wa jamii, askari wa dawati la jinsia na watoto, viongozi wa dini. Ubishi nao haukosekani. Wapo wanaoona zimechelewa kuja, na wapo wanaosema ni posho na soda tu. Mimi nazitetea, lakini siwezi kuzitetea kwa uaminifu kabla ya kukubali kwamba wanaozipinga wana hoja nzito kuliko wawezeshaji wanavyopenda kusikia.

Wazo lenyewe lilitoka Marekani. Mwaka 2001 wanasaikolojia Maxine Harris na Roger Fallot walieleza kwamba hospitali, shule au ofisi ambayo haitibu kiwewe bado inahudumia watu wenye kiwewe kila siku, kwa hiyo ipange kazi zake zisiwatoneshe. Mwaka 2014 taasisi ya serikali ya huko inayoshughulikia afya ya akili na uraibu, SAMHSA, ikatoa mwongozo wenye misingi 6: usalama; uwazi na kuaminika; msaada wa watu waliopitia yaleyale; kushirikiana; kumwachia mtu sauti na uamuzi; na kuheshimu mila, historia na jinsia yake. Nyuma ya hayo kuna utafiti wa Vincent Felitti na Robert Anda wa mwaka 1998, ulioonyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso mengi utotoni ndivyo hatari ya maradhi ya ukubwani inavyopanda, ugonjwa wa moyo ukiwemo. Haya si mafunzo ya tiba. Anayetoka pale hajawa mshauri nasaha, na mwezeshaji asiyelisema hilo saa ya kwanza anatupotosha.

Je, Kigoma tunayahitaji? Mkoa huu umepokea watu wanaokimbia tangu wengi wetu hatujazaliwa. Mauaji ya Burundi ya 1972 yalileta kundi kubwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi kwa maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikawakuta hapohapo, na MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini. Anayedhani mambo haya ni ya kambini peke yake asome utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliopigwa walikaribia robo tatu, wa kike kwa wa kiume. Hao ni Watanzania, wenyeji kabisa. Ndio wazazi wanaojaza kliniki zetu leo, na baadhi yao ndio sisi wenyewe tuliovaa sare nyeupe.

Faida yake nimeiona kwa macho yangu katika chumba cha kujifungulia. Kipimo cha ndani tulizoea kukifanya kama kupima presha: panda kitandani, panua miguu, tulia. Mama akikaza mwili tukasema ni mkaidi, mara nyingine tukamfokea. Baada ya mafunzo baadhi yetu tulianza kumwambia mama tunachotaka kufanya kabla ya kumgusa, kumwomba ruhusa, na kumwambia kwamba akisema "subiri" tutasubiri. Inachukua dakika moja zaidi, pengine mbili. Tulichanga tukanunua kitenge, tukakitundika kiwe pazia, kwa sababu kitanda kilikuwa kinatazamana na mlango na kila aliyepita koridoni alikuwa anaona. Hakuna aliyehitaji shahada kwa hayo. Alihitajika mtu wa kutuambia kwamba yule tunayemwita mkaidi huenda mwili wake unakumbuka jambo ambalo hajawahi kulisema.

Kwa walimu mambo ni magumu zaidi. Mwalimu anafundishwa kwamba mtoto anayeruka akisikia kishindo, au anayelala darasani, au anayepigana kila mapumziko, huenda ametoka kwenye hofu. Anaelewa, anakubali. Kisha anarudi shuleni ambako kanuni za mwaka 2002 bado zinaruhusu viboko visivyozidi 4 kwa idhini ya mkuu wa shule, na darasa lina watoto ambao hata kuwahesabu ni kazi. Semina imemwambia jambo moja, ofisi inamruhusu jingine. Siwezi kumlaumu akichanganyikiwa.

Sasa wanaopinga. Hoja ya posho naipita haraka. Ni kweli wapo wanaofuata posho, lakini hilo ni tatizo la semina zote nchini, hata za malaria, na hakuna aliyewahi kusema kwa sababu hiyo tuache kufundishana malaria.

Hoja ya lugha ni nzito. Neno "kiwewe" kwenye karatasi za semina ni la kitaalamu. Mtaani kiwewe ni kule kupagawa, mtu kushikwa na bumbuwazi asijue anachofanya. Mwambie mama wa Kasulu "una kiwewe" uone uso wake. Yeye atakwambia ana mawazo mengi, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji, kichwa kinawaka moto. Wanyarwanda wana neno lao, ihahamuka, ambalo asili yake ni mapafu: mtu aliyekatwa pumzi na hofu. Sisi tunamiminiwa tafsiri, hatuulizwi tunasemaje. Mafunzo yangeanza na kikao cha washiriki kuorodhesha maneno ambayo wagonjwa wao hutumia, nusu ya siku ya kwanza isingepotea kwenye kukariri.

Nzito kuliko hiyo ni ya Ulyankulu, makazi ya wakimbizi mkoani Tabora. Mwenzangu mmoja wa Tabora huniuliza kila tukikutana: waliokimbia 1972 wakapelekwa Ulyankulu, nani aliwafanyia semina? Walipewa ardhi wakaifyeka, wakalima tumbaku, wakajenga makanisa, wakaimba kwaya, wakaoza watoto, na mwaka 2014 Tanzania ilipotoa uraia kwa watu wapatao 162,000 wa kundi lile la 1972 na vizazi vyao, wengi wakawa wenzetu kisheria. Anasema kilichowaponya ni shamba na kitambulisho. Ukimchukua mtu aliyepokonywa nchi ukamwita mwenye jeraha la nafsi, umegeuza jambo la haki kuwa jambo la dawa.

Nimelifikiria sana hilo. Naona yuko sahihi kwa sehemu kubwa, na sehemu anayoiacha ni ile isiyoonekana barabarani. Kwaya tunaisikia. Hatusikii kilio cha saa nane usiku nyuma ya mlango uliofungwa, wala hatujui ni wangapi walinyamaza mpaka wakazikwa nacho. Ila anachosema kuhusu shamba na kitambulisho kinanigusa, maana hivyo ndivyo vinavyompa mtu usalama. Msingi wa kwanza kwenye ule mwongozo ni usalama. Mrundi aliye kambini leo anajua kambi ya Mtendeli ilifungwa mwaka 2021, anajua safari za kurejea kwa hiari zimekuwepo tangu 2017, na hajui mwakani atalala wapi. Nitamwambia nini kuhusu usalama? Naweza kumwahidi kwamba ndani ya chumba hiki hakuna atakayemfokea, wala faili lake halitasomwa na asiyehusika. Zaidi ya hapo ningekuwa nasema uongo, na uwazi ni msingi wa pili.

Ipo pia hatari ya elimu nusu, na hii inanitia hofu kuliko zote. Miaka ya nyuma ilikuwapo desturi ya kuwakusanya walionusurika kwenye maafa, siku chache baadaye, na kuwatoa maelezo yote ya walichokiona, kwa kuamini kwamba kusema ni kutua mzigo. Tafiti zilipochambuliwa kwa pamoja zilionyesha kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii ugonjwa, na baadhi ya watu kiliwazidishia. Shirika la Afya Duniani linashauri kisitumike. Kwenye semina yetu mwezeshaji aliligusa kwa sentensi moja, jioni, watu wakisubiri kusaini nauli. Wiki iliyofuata mshiriki mmoja mwenye moyo mwema kabisa alikuwa anamkalisha binti aliyebakwa na kumhimiza: sema yote, usibakize kitu.

Hapo ndipo maneno ya yule mama yanaponirudia. Mafunzo haya yanatutaka tuache kuuliza "una tatizo gani" na badala yake tuulize "umepatwa na nini". Katika nchi ambako watu huishi miaka bila kuulizwa, swali hilo ni fadhila. Lakini kwa mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu au ya Nduta ni swali alilokwisha kulijibu kwenye usajili, kwenye usaili wa hadhi ya ukimbizi, hospitalini, na pengine tena kwenye maombi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Binti Mtanzania naye hupita njia hiyohiyo: anasimulia kaunta ya polisi ili apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitalini, watu wa foleni wakisikia, anasimulia dawati la jinsia, anasimulia kwa nesi, anasimulia kwa daktari, halafu mahakamani. Kila mmoja wetu anaweza kuwa na cheti na sauti ya upole, na bado kwa pamoja tukamtonesha mara 5.

Kiswahili kilishatupa neno "pole". Unampa mtu pole kabla hujajua kilichomsibu, na huhitaji kukijua. Haimdai chochote. Naamini huduma inayozingatia kiwewe, ikipandwa kwenye udongo wa Kigoma, ingeanzia hapo: pole, kaa, maji haya, na tukubaliane ni lipi la lazima nilijue leo ili nikutibu. Mengine kama yameandikwa, nitayasoma mwenyewe.

Kwa sababu hiyo ningeipima semina kwa maswali ambayo huwa hayaulizwi siku ya kufunga. Leo mtu hueleza mara ngapi, na miezi 6 baadaye itakuwa mara ngapi? Je, polisi, ustawi na hospitali wana fomu moja inayosafiri kwenye bahasha iliyofungwa? Mlinzi wa getini, anayeuliza "unaumwa nini wewe?" mbele ya foleni nzima, alikuwepo ukumbini? Tathmini nyingi za mafunzo haya, hata huko yalikoanzia, hupima elimu na mtazamo wa watumishi mara tu baada ya semina, na ni chache zinazomfuata anayehudumiwa kuona kama amepata nafuu. Karatasi ya maswali niliyojaza mimi Kasulu ilikuwa hivyohivyo. Nilipata alama nzuri.

Wanaosema watu wa kawaida hawawezi kujifunza mambo haya nao hawako sawa. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifundishwa kuwatibu wenzao, na utafiti wa Frank Neuner na wenzake uliotolewa 2008, wenye Wanyarwanda na Wasomali 277, ulionyesha waliotibiwa walipata nafuu kubwa kuliko waliofuatiliwa tu. Ila wale hawakufundishwa siku 2. Walifundishwa kwa wiki kadhaa, na waliendelea kusimamiwa na wenye ujuzi. Fedha za misaada zimepungua, tunaziona zinavyopungua, na ukiniuliza mimi, ni afadhali watu 10 wafundishwe na kukutana kila mwezi na msimamizi kuliko watu 60 kupigwa picha mara moja.

Kiti cha kwanza kati ya hivyo 10 ningempa mkalimani. Muha, mwenyeji wa hapa Kigoma, na Mrundi wanaelewana lugha, lakini nesi aliyepangiwa kazi huku kutoka Moshi au Lindi hawezi bila mtu wa kati. Kwetu mtu huyo ni kijana aliyekimbia mwenyewe mwaka 2015. Anasikia kila habari mara mbili, kwa Kirundi na tena kinywani mwake kwa Kiswahili, na huisema kwa "mimi", kwa sababu ndivyo kazi inavyotaka. "Nilishikwa." "Nilipigwa." Usiku ule wa mvua alikuwa amesimama pembeni ya kitanda tayari kutafsiri, na mama alipoamua kunijibu mwenyewe kwa Kiswahili niliona mabega ya kijana yakishuka. Kwenye semina ya Kasulu hakualikwa. Hata ya mwaka huu jina lake halipo kwenye orodha. Nimeomba liongezwe, na bado nasubiri jibu.