Vidole vya shangazi na unga wa kuongeza kinga

Shangazi yangu alinunua maboksi matatu kwa mkupuo. Ndani mlikuwa na vipakiti vya unga wa kahawia wa kukorogwa kwenye maji ya moto, asubuhi na jioni. Muuzaji aliyempitia nyumbani alimwambia ni mitishamba ya Kichina ya kuongeza kinga ya mwili. Shangazi ana baridi yabisi. Vidole vyake vimevimba kwenye viungo mpaka vinafanana na tangawizi, na kikombe anakishika kwa viganja vyote viwili. Muuzaji aliviona, akasema hiyo ndiyo dalili ya kinga iliyoshuka.

Kumbe ni kinyume chake. Kwa baridi yabisi aliyonayo shangazi, kinga haijashuka hata kidogo. Imepotea njia, inashambulia viungo vya mwenyewe, na vidonge anavyopewa hospitali kazi yake ni kuituliza. Mwenye lupasi naye ni hivyo hivyo, na mtu aliyepandikizwa figo hunywa dawa maisha yake yote ili kinga isikikatae kiungo kipya. Watu hawa ukiwaambia waongeze kinga, unaweza kuwaumiza. Hata mtu mzima wa afya, homa na makamasi anayoyalalamikia wakati wa mafua ni kinga yake ikiwa kazini.

Hapa lazima niitendee haki tiba ya Kichina yenyewe, kwa sababu muuzaji yule hakuiwakilisha. Huangdi Neijing, kitabu chake cha msingi chenye umri wa takriban miaka 2,000, kinahubiri mizani: kilichozidi kipunguzwe, kilichopungua kijazwe. Tabibu aliyesomea kazi hiyo hushika mapigo ya mikono yote miwili, hutazama ulimi, huuliza usingizi ukoje, choo kikoje, jasho linakuja saa ngapi. Wagonjwa wawili wenye mafua yale yale wanaweza kutoka kwake na dawa mbili tofauti. Kwa hiyo unga mmoja unaouziwa mtaa mzima, mzee na kijana, mgonjwa na mzima, unakwenda kinyume na mapokeo ambayo umechapwa jina lake kwenye boksi.

Kitabu hicho hicho kinasema kungoja ugonjwa uingie ndipo utibu ni sawa na kungoja kiu ikushike ndipo uchimbe kisima. Kinashauri kula kwa kiasi, kulala na kuamka kwa wakati, na kutojichosha kupita kiasi. Katika yote tuliyoyapokea kutoka China kuhusu kinga, hili ndilo ninaloliamini zaidi, na sayansi ya sasa inaliunga mkono. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwatia virusi vya mafua puani watu 164 waliojitolea. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipata mafua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Mwaka 2007 watafiti wengine waliandika kuhusu wazee 112 waliogawanywa makundi mawili: kundi moja lilifanya tai chi, mazoezi ya polepole ya Kichina, kwa wiki 16, jingine likasoma masomo ya afya, kisha wote wakachanjwa dhidi ya virusi vya tetekuwanga. Kinga ya waliofanya tai chi ilipanda zaidi.

Kwenye mitishamba ndiko mzani unapoyumba. Kuna mchanganyiko wa kale uitwao Yu Ping Feng San, wenye mzizi wa huangqi na mimea mingine miwili, ambao Wachina huwapa watu wanaoshikwa na mafua kila mara. Maabara imeonyesha kuwa huangqi inaamsha chembe za kinga. Lakini chembe kwenye bakuli la maabara si mtu anayepanda daladala, na majaribio mengi yaliyofanywa kwa watu yalikuwa madogo au yenye kasoro. Siwezi kusema haifai, na muuzaji hana haki ya kuapa kuwa inafaa.

Watetezi watasema: imetumika karne na karne, ingekuwa na madhara yangejulikana. Hoja hii ina uzito kwa madhara ya papo hapo, maana mmea unaotapisha kila mtu huachwa. Tatizo ni sumu inayochukua miaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake zaidi ya 100 waliotumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina waliharibika figo, kwa sababu mmea mmoja ulibadilishwa na mwingine wa jamii ya Aristolochia. Mimea ya jamii hiyo ilikuwa imetumika kwa karne nyingi, na leo inajulikana kuwa husababisha pia saratani. Mzee gani wa kijiji angeunganisha figo zilizokufa leo na dawa iliyonywewa miaka mingi nyuma?

Lakini upande wa pili nao una shahidi mkubwa, na shahidi huyo yuko kwenye kila zahanati yetu. Katika karne ya 4 tabibu wa Kichina Ge Hong aliandika kuwa mwenye homa za vipindi achukue konzi ya mmea wa qinghao, ailoweke kwenye maji, aikamue na kunywa. Tu Youyou, mwanasayansi aliyekuwa kwenye mradi wa siri wa China dhidi ya malaria ulioanza 1967, aliyasoma maelezo hayo akaona kuwa mmea haukuchemshwa. Huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu, na mwaka 1971 dawa ikaua vimelea vyote kwa panya na nyani. Akajijaribia mwilini mwake kabla ya wagonjwa. Dawa hiyo ni artemisinini, na kiambato kinachotokana nayo ndicho kilichomo kwenye dawa mseto ya malaria tunayowapa watoto wetu, na mwaka 2015 Tu alipewa Tuzo ya Nobel. Maandishi ya kale yalimwonyesha pa kuchimba, vipimo vikamwonyesha maji.

Lipo jambo moja hospitali zetu zinapaswa kulisikia. Yule muuzaji alikaa na shangazi karibu saa nzima, akamuuliza anavyolala na nini kinamkosesha raha, akamshika mikono. Kliniki anaonwa dakika tano. Alinunua maboksi kwa sababu alisikilizwa, na mimi simlaumu.

Nilichukua boksi moja nikalipeleka kwa mfamasia. Alilizungusha pande zote kutafuta orodha ya viambato na namba ya usajili. Hakukuta namba, na hakukuta neno hata moja ambalo yeye au mimi tungeweza kulisoma.