Vyakula vya Asia: Kipi Upike Nyumbani, Kipi Ukifuate Mgahawani

Ubishi wa kupika nyumbani au kula nje huishia kwenye pesa na afya. Upande mmoja unasema nyumbani ni nafuu na unajua ulichotia chunguni. Upande wa pili unajibu kwamba mpishi aliyekaa mbele ya moto miaka ishirini hashindwi na mtu aliyetazama video jana usiku. Kwa vyakula vya Asia hoja zote mbili zina ukweli, ila haziamui jambo. Kinachoamua ni chakula chenyewe: kinataka moto wa kiasi gani, chungu cha ukubwa gani, na kikishaepuliwa kinavumilia dakika ngapi kabla hakijaharibika. Kuna vyakula ambavyo hata mpishi hodari vitamshinda kwenye jiko la nyumbani. Na kuna vingine ambavyo migahawa mingi huvipika vibaya kuliko mtu mwenye kinu, nazi na subira.

Penye ubishi mkubwa ni vyakula vya karai, vile vya kukaangwa kwa moto mkali. Chukua char kway teow ya Penang, Malaysia, na ya Singapore: tambi pana za mchele, kamba, kombe, yai, machipukizi ya choroko na sosi nyeusi ya soya, na kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe (Mwislamu atatafuta muuzaji anayetumia mafuta mengine). Wauzaji wazuri wa Penang hukaanga sahani moja moja, hata foleni iwe ndefu namna gani. Harufu ya moshi inayotafutwa, ambayo Wakantoni huiita wok hei, hupatikana pale chakula kinaporushwa juu ya chuma chenye moto mkali, maji ya juu yakakauka papo hapo, na matone ya mafuta yakaungua kwenye ndimi za moto. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Georgia Tech, Hungtang Ko na David Hu, walichapisha vipimo vya namna wapishi wanavyorusha wali kwenye karai. Mrusho ulikuwa karibu mara tatu kwa sekunde, kasi inayouwezesha wali kugusa chuma, kuruka, kupoa kidogo na kurudi bila kuungua. Wapishi hao huumia sana mabega, na watafiti walitaja maumivu hayo katika utafiti wao.

Sasa linganisha majiko. Jiko moja la gesi la nyumbani hutoa takriban kilowati 3 hadi 4. Jiko la karai la mgahawa wa Kichina hutoa kilowati 30 na kuendelea. Tofauti hiyo haifidiwi na ufundi. Ukitia nusu kilo ya wali na nyama kwa pamoja kwenye karai la nyumbani, joto linaanguka, mboga zinatoa maji, na kilichokusudiwa kukaangwa kinachemka. Watu hulaumu viungo na kuongeza sosi ya soya, na hapo maji yanazidi.

Anayetaka kupika wali wa kukaanga nyumbani ana njia ya kukaribia. Atumie karai la chuma tupu, maana utando wa karai lisiloshika chakula huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260. Alichome mpaka litoe moshi mwembamba ndipo atie mafuta vijiko viwili. Akaange gramu 250 za wali kwa mkupuo mmoja, zisizidi. Mayai yakaangwe peke yake na kutolewa, mboga vivyo hivyo, kisha vyote virudishwe pamoja katika nusu dakika ya mwisho. Sosi imwagwe kwenye ukingo wa karai, siyo juu ya wali, ili iungue kidogo kabla ya kuchanganyika. Wali uwe wa jana na uwe mkavu, lakini hapa kuna hatari ambayo wengi hawaijui. Mbegu za bakteria Bacillus cereus hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukiachwa mezani usiku kucha bakteria hao hutoa sumu ambayo hata kukaanga hakuiondoi. Wali utandazwe kwenye sinia, upoe, na uingie kwenye friji ndani ya saa moja.

Ukifuata yote hayo utapata wali mtamu. Wok hei utaipata kidogo au usiipate kabisa. Kwa hiyo tambi na wali wa kukaanga vina haki ya kufuatwa mgahawani, na viliwe hapo hapo. Bata wa Beijing ni hivyo hivyo. Hutiwa hewa kati ya ngozi na nyama, humwagiwa maji ya moto, hupakwa sukari ya kimea, huanikwa mpaka ngozi ikauke, kisha huokwa akiwa amening'inizwa. Nyumba nyingi za China hazina oveni, na wenyeji wenyewe huenda kumla mgahawani. Naan nayo inataka ukuta wa tanuri lenye nyuzi zaidi ya 400, ambapo huiva kwa dakika moja au mbili. Oveni ya nyumbani huishia kwenye nyuzi 250, mkate unakaa muda mrefu zaidi, unakauka kabla haujapata madoa. Chapati ya karibu yako itakufaa zaidi kuliko naan ya namna hiyo.

Upande wa mgahawa ukishapata ushindi huo, mara nyingi hujitwalia na mengine yasiyo yake. Kari ya Kithai ndiyo mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu mpishi wa pwani ya Afrika Mashariki ana kila kitu cha kumshinda mpishi wa hoteli ya wastani. Ana mbuzi ya kukunia nazi, ana kifumbu, na anajua kutenga tui zito na tui jepesi. Kinachomwangusha ni jambo moja alilofundishwa tangu utotoni: tui likoroge bila kusimama, lisikatike. Kwenye kari nyekundu au ya kijani ya Thailand ya kati, kukatika huko ndiko kunakotafutwa.

Kwa watu wanne, nazi mbili kubwa zitoshe. Tui la kwanza likamuliwe kwa kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, la pili kwa vikombe viwili, yawekwe mbali mbali. Chemsha tui zito peke yake kwenye sufuria pana kwa dakika nane hadi kumi, mpaka liwe na malai nzito na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hapo tia vijiko vitatu vya kulia vya viungo vya kutwanga, yaani pilipili kavu, mchaichai, kitunguu saumu, vitunguu vidogo vyekundu, galangali (mzizi wa jamii ya tangawizi), ganda la ndimu ya makrut na uduvi uliochachushwa, vyote vimetwangwa mpaka visionyeshe nyuzi. Vikaange kwenye yale mafuta ya nazi dakika tatu hadi tano. Utajua vimeiva pale ukali wa kitunguu saumu kibichi unapoacha kupanda puani na mafuta yanapogeuka rangi. Ndipo uingie kuku, nusu kilo, kisha tui jepesi, sosi ya samaki kijiko kimoja na nusu, na sukari ya mnazi au sukari guru kijiko kimoja. Chumvi usitie mpaka uonje.

Tui la boksi mara nyingi huwa na vishikizi vilivyowekwa makusudi ili mafuta na maji visiachane. Unaweza kulichemsha nusu saa lisikatike. Suluhisho ni kutia vijiko viwili vya mafuta ya nazi mwanzoni na kukaangia humo. Wengi wanaosema kari yao "imekosa kitu" wamevikoroga viungo hivyo kwenye tui baridi kisha wakachemsha vyote pamoja. Kilichokosekana ni kukaanga.

Mgahawa wa wastani unaotoa kari hiyo nje ya Thailand hufungua kopo la viungo vilivyosagwa kiwandani, hutia tui na sukari nyingi, na kuipeleka mezani kwa dakika sita. Haina ubaya, ila hakuna sababu ya kuilipia mara nne ya gharama yake. Hali ni hiyo hiyo kwenye migahawa mingi ya Kihindi, ambako sufuria moja ya rojo la vitunguu na nyanya hupikwa asubuhi na kuwa msingi wa karibu kila kitu kwenye menyu. Samli na malai hutofautisha majina. Dali iliyopikwa nyumbani kwa saa mbili, ikaungwa mwishoni kwa bizari nyembamba iliyopasuliwa kwenye samli moto, inaishinda ile kwa mbali.

Biriani inakaa katikati, na pande zote mbili zina haki. Ile ya Hyderabad, India, iitwayo kachchi huanza na nyama mbichi iliyolala kwenye mtindi, viungo, vitunguu vya kukaanga na papai bichi lililosagwa. Vijiko viwili vya papai kwa kilo ya mbuzi vinatosha; ukizidisha, au ukiilaza siku nzima, nyama inakuwa uji kwa nje. Mchele wa basmati huchemshwa mpaka uive kama theluthi mbili tu: ukiuma punje, bado kuna kiini cheupe. Hutandazwa juu ya nyama, sufuria hufunikwa na kuzibwa kwa donge la unga, moto mkali dakika kumi na tano, kisha moto mdogo dakika arubaini na tano huku kikaango cha chapati kikiwa chini ya sufuria ili chakula kisiungue. Kosa kubwa ni nyama kubaki mbichi wakati wali umeshaiva, na hulijui mpaka ufungue. Wapishi wa pwani yetu, wanaopika masala na wali mbali mbali, hawakutani na tatizo hilo.

Chungu kikubwa cha biriani hushika joto vizuri na kuliachia polepole, kwa hiyo nyumba inayopika chungu kizima kwa saa maalumu huwa na biriani ambayo kilo moja ya nyumbani haiifikii. Lakini mgahawa unaokuletea biriani wakati wowote kuanzia mchana hadi usiku wa manane, kwa kila oda, haujaipika hivyo. Umechanganya wali uliopo na rojo lililopo. Uliza chungu kinafunguliwa saa ngapi. Wenye chungu hukujibu mara moja.

Tukirudi kwenye pesa: dai kwamba nyumbani ni nafuu si la kila mahali. Singapore, ambako utamaduni wa vibanda vya chakula uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2020, mtu mmoja anayekula sahani ya wali wa kuku kibandani hana haja ya kuamini kwamba angeokoa kitu kwa kununua kuku, tangawizi na majani ya pandani. Muuzaji pale hupika chakula kimoja au viwili maisha yake yote, na bei inabebwa na wingi wa wateja. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Nairobi au Muscat hesabu inapinda kwa sababu nyingine: chupa. Sosi ya soya, sosi ya samaki, sosi ya chaza, siki ya mchele, mafuta ya ufuta, kila moja inunuliwe kwa ajili ya mlo mmoja, kisha zikae kabatini mwaka mzima. Mlo huo wa kwanza ni ghali kuliko mgahawa. Njia ya busara ni kuchagua nchi moja na kubaki nayo miezi kadhaa, chupa ziishe.

Kwenye afya, nyumbani panashinda kwa sharti la kupima. Kijiko cha kulia cha sosi ya soya kina takriban miligramu 900 za sodiamu, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi 2,000 kwa siku. Vijiko viwili vimekaribia kumaliza yote. Mgahawani huwezi kuvihesabu, nyumbani unaweza, ila anayemimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja hana tofauti na mgahawa.

Chakula cha kufungashiwa na kuletwa na bodaboda ndicho kilicho na hoja dhaifu kuliko vyote. Tambi za karai zikifungwa kwenye boksi hujipika kwa mvuke wake zenyewe. Ndani ya dakika kumi zimelainika, na ile harufu iliyozipa thamani haipo. Kari husafiri vizuri, lakini kari ungeipika mwenyewe. Unalipia kuletewa ulichokiweza, na ulichoshindwa kinakufikia kimeharibika.

Pho (supu ya tambi ya Vietnam) ya nyama ya ng'ombe waachie wenye mgahawa, maana mifupa kilo mbili na nusu kwenye moto wa saa sita ni gesi nyingi kwa bakuli nane. Ya kuku unaiweza: kuku mzima, kitunguu na tangawizi vilivyobabuliwa juu ya moto mpaka viwe vyeusi nje, anisi ya nyota vipande viwili, mdalasini kipande, saa moja na nusu kwa moto wa kutokota, bila kifuniko.

Na kama ni chakula kimoja cha Kichina cha kuanza nacho, kiwe jiaozi, vile vifuko vya unga ambavyo familia za kaskazini mwa China hukaa pamoja kuvifunga usiku wa kuamkia mwaka mpya wa Kichina. Kwa nusu kilo ya nyama ya kusaga, chukua gramu 300 za kabichi iliyokatwa ndogo, itie chumvi, iache dakika ishirini, ikamue kwa nguvu. Kabichi isiyokamuliwa hupasua vifuko. Nyama ikorogwe kwa kuzungusha upande mmoja huku ukitia maji kidogo kidogo, kama mililita 80, mpaka inate. Vifuko usivyovipika siku hiyo vigande kwanza kwenye friza, juu ya sinia, visigusane, ndipo viingie kwenye mfuko. Siku ya kupika usiviyeyushe. Vitie kwenye maji yanayochemka, koroga mara moja visishike chini, na kila maji yakichemka tena mwaga kikombe cha maji baridi, mara tatu, ili unga usipasuke kabla nyama ya ndani haijaiva.