Msimkalishe mgonjwa wa figo

Bamdogo wangu yuko Ujiji, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara, na tangu aanze sisi familia tulikuwa na neno moja tu, kaa, pumzika, usishike hicho. Akigusa ndoo ananyang'anywa. Mtu aliyebeba magunia ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi miaka na miaka, mapaja yakaisha kabisa, akawa hainuki kwenye mkeka mpaka ashikwe mkono. Siku moja kajikwaa kizingiti cha choo, kidogo tu, mkono ukavunjika.

Hapo ndo nikaanza kuuliza. Kumbe figo kazi yake sio mkojo tu, ndo inaiamsha vitamini D ili mwili unyonye kalsiamu, sasa figo ikifa hiyo kazi inalala, fosfeti nayo, madini yanayotoka kwenye chakula, inajaa kwenye damu, basi vitezi vya shingoni vinamwaga homoni inayoenda kuchota kalsiamu kwenye mifupa. Mashine inatoa fosfeti ila haiimalizi. Na dagaa wetu tunaokula wazima na miba yake wana fosfeti nyingi, hilo liliniuma jamani, ndo mboga tuliyokulia.

Mi naona kosa letu kubwa ni kumkalisha. Mfupa usiobeba uzito unazidi kupungua, na miguu isiyo na nguvu ndo inayoangusha mtu. Mazoezi hayaondoi fosfeti, vidonge vya kuipunguza anameza kama kawaida.

Daktari aliruhusu, tukaanza. Siku asiyosafishwa anakaa kwenye stuli, mikono kifuani, anainuka anakaa, alianza mara tatu huku anahema, sasa hivi kumi. Anashika fremu ya mlango ananyanyua visigino, halafu tunatembea pole pole hadi kwenye miembe jua halijawa kali. Mkono wa fistula, yaani ule uliounganishwa mishipa ya damu kwa ajili ya mashine, haubebi kitu kizito. Akitoka kwenye mashine presha imeshuka na kichwa kinazunguka, siku hiyo analala, hakuna ubishi.

Uingereza kuna vituo mgonjwa anapiga pedali akiwa kwenye mashine yenyewe, masaa mawili ya mwanzo kabla presha haijashuka. Huku kwetu hata mtu wa kutuelekeza mazoezi ya stuli hatukupewa, na masaa manne yale mzee anaangalia dari tu. Naomba wahusika walifikirie hili kweli kweli.

Majirani wanasema tunamtesa. Juzi nikamuuliza kama tupunguze, akanijibu, "Mwanangu waache waseme, usiku nimeenda chooni bila kumwamsha mamdogo wako."