Tukijenga kituo cha wageni Shetani, tuanze na choo

Ukitoka Amboseli kuingia Tsavo Magharibi kwa lango la Chyulu, barabara inakatiza katikati ya mwamba mweusi usio na mwisho machoni. Hiyo ndiyo Lava ya Shetani, ukanda wa kama kilomita 8 uliomwagika kutoka ardhini miaka mia chache tu iliyopita. Wenyeji waliouona moto ule walisema ni shetani ametoka, na jina likabaki. Mawe yake yana makali, na ukiyakanyaga yanalia kama vigae vilivyovunjika. Inama uyatazame kwa karibu, utaona madoa ya kijivu yaliyoshikamana na jiwe. Hivyo ni viumbe hai, mchanganyiko wa kuvu na mwani, na ndivyo vinavyotangulia kuota mahali ambapo hakuna udongo. Vinakua polepole mno. Buti moja linakwangua kwa sekunde kilichochukua miaka na miaka.

Kuna wanaosema mahali kama hapo panastahili kituo cha wageni, nami nawaunga mkono. Mtoto wa shule anayeletwa kutoka Kibwezi au Mtito Andei anapaswa kuelezwa vizuri ardhi ya kwao ilivyoumbika, na kupata kivuli cha kukaa akisikiliza. Ninachokiogopa ni lile jengo tulilozoea kuliona: sanduku la zege, mawe meusi yamebandikwa ukutani kwa nje, juu paa la makuti, halafu tunaambiwa limeoana na mandhari. Mawe yale yamechimbwa wapi? Mara nyingi jibu ni papo hapo. Tunakuwa tumebomoa kile watu walichokuja kukitazama ili tupate pambo la ukuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko mbali nasi, kisiwani Faial katika Azores, Ureno. Septemba 1957 volkano ya Capelinhos ililipuka baharini, karibu kabisa na ufuo, na haikutulia hadi Oktoba 1958. Majivu yalifunika mashamba na nyumba. Mnara wa taa uliokuwa ukiongoza meli ulibaki umesimama, lakini sehemu ya chini ya jengo lake ilizikwa. Maelfu ya watu walihama, wengi wakaenda Marekani kwa sheria maalumu ya mwaka 1958 iliyodhaminiwa na maseneta wawili, John Pastore na John F. Kennedy.

Nusu karne baadaye, mwaka 2008, kituo cha wageni kilifunguliwa pale. Msanifu wake, Nuno Ribeiro Lopes, alikificha chini ya majivu. Ukiwa nje unaona uwanda wa kijivu, bahari, na ule mnara uliojeruhiwa, basi. Mlango unakupeleka chini, kwenye kumbi za zege zinazosimulia mlipuko na watu waliohama, na ziara inaweza kuishia juu ya mnara wenyewe, ambako unaiona ardhi mpya kwa macho yako. Hakuna aliyejaribu kuufanya mnara uwe mpya. Nadhani ndiyo maana kinagusa moyo: wageni wanashuka katika majivu yaleyale yaliyowazikia wenzao paa na ua, na jengo halishindani na kilichotokea.

Kule Lanzarote, katika visiwa vya Canary vya Hispania, msanii César Manrique alilitanguliza hilo miongo kadhaa kabla. Jameos del Agua, mahali pa wageni kutembelea, aliitengeneza ndani ya pango la lava lililokuwepo tayari. Na katika hifadhi ya Timanfaya, eneo lililomiminiwa lava kati ya 1730 na 1736, wageni wengi hawashuki kabisa: wanazungushwa kwa basi na kutazama kupitia dirishani. Wapo wanaolalamika. Mimi naona ule ndio usanifu wenyewe, kwa sababu aliyepanga njia ya basi ameilinda lava kuliko aliyechagua rangi ya ukuta.

Lakini hatuna haja ya kusafiri hadi Ulaya. Mzima, chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, haiko mbali na Shetani. Pale kuna chumba kidogo kilichozamishwa majini. Unashuka ngazi, unasimama mbele ya kioo, samaki wanapita usawa wa uso wako, na ukiwa na bahati utamwona kiboko akitembea chini ya maji. Kwa juu hakionekani sana. Hakina ukumbi, hakina duka, na sijawahi kumwona mtu aliyetoka mle bila kutaka kumsimulia mwenziwe.

Na Mzima ndiyo inayonifanya niseme tuanze na choo. Milima ya Chyulu, iliyo jirani na Shetani, haina mito. Mvua inayonyesha juu yake inazama moja kwa moja, kwa kuwa mwamba wa volkano una matundu na nyufa tele, kisha inasafiri chini kwa chini hadi kuibuka Mzima ikiwa safi na baridi. Sehemu ya maji hayo huenda kwa bomba hadi Mombasa. Mwamba unaopitisha mvua kwa urahisi namna hiyo utapitisha pia maji machafu. Choo cha shimo kikichimbwa kwenye lava, uchafu hautakaa shimoni. Msanifu yeyote atakayetuletea michoro, aulizwe hilo kabla ya kuulizwa habari za paa. Atuonyeshe vyoo vikavu, au matangi yaliyofungwa ambayo yatanyonywa na gari na kupelekwa mbali, na atuambie nani atalipia gari hilo mwaka wa tano, wafadhili wakishaondoka.

Baada ya choo, maegesho. Pasiguswe mwamba mpya hata kidogo. Magari yasimame pale ambapo ardhi imekwisha kuvurugwa, kandokando ya barabara iliyopo au karibu na lango. Jengo liwe hapohapo, fupi, limezama nusu yake kwenye udongo wa kawaida nje ya lava, maana jiwe jeusi hushika joto la mchana na chumba kilichozama hakihitaji jenereta la kukipoza. Kutoka pale kuwe na njia moja tu ya kuinuliwa juu ya mwamba, na askari wa wanyamapori aongozane na wageni.

Ndani sitaki skrini kubwa. Nataka kipande kimoja cha lava mezani ambacho watoto wote wanaruhusiwa kukishika, na wazee wa Kikamba na Kimaasai wa maeneo yale wakisikika kwa sauti zao wenyewe wakieleza wazazi wao waliwasimulia nini kuhusu moto ule. Wazee hao waitwe sasa, kabla hata tenda haijatangazwa, na walipwe kama anavyolipwa mhandisi.