Mtaji wa kwanza wa mnyonge: ruzuku au mkopo?

Aprili 2023 Serikali ya Tanzania ilisimamisha mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutoa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonyesha kwamba mabilioni ya shilingi hayarejeshwi, na kwamba baadhi ya fedha zilikwenda kwa vikundi hewa. Mwaka 2024 mikopo ikarudishwa kwa utaratibu mpya, halmashauri chache zikijaribu kuipitishia benki. Mjadala ukawa ni jinsi ya kubana marejesho. Mimi naona tulipaswa kuanza na swali jingine: je, fedha hizi zilistahili kuitwa mkopo tangu mwanzo?

Wanaotetea mkopo wana hoja nzito, na haifai kuzipuuza. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, na haitozi riba. Fedha hizo ni chache, wahitaji ni wengi. Kikundi cha kwanza kikirejesha, cha pili kinapata. Ukizigawa kama ruzuku, aliyewahi amekula na aliyechelewa amekosa.

Halafu kuna vikoba, vikundi vya kuweka na kukopa. Kila mtaa wa Dar es Salaam una akina mama wanaokutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana na kulipana bila dalali wala polisi. Anayesema maskini hawezi kulipa deni anawakosea heshima wanawake hao.

Lakini hebu tuangalie deni la kikoba lilivyo. Mama anakopa fedha alizochanga yeye na wenzake, kwa muda mfupi, na mara nyingi tayari ana genge au meza ya samaki inayomwingizia kitu kila jioni. Mkopo wa halmashauri unakuja kwa njia nyingine kabisa. Kwanza mnaunda kikundi kwa sababu fomu inataka kikundi. Mnatafuta katiba, muhtasari wa kikao, barua ya mtendaji, akaunti ya benki na andiko la mradi.

Nimewahi kusoma andiko la kikundi kimoja cha akina mama waliotaka kutengeneza sabuni ya maji. Lilichapwa vizuri, na faida ya kila mwezi ilikuwa imekokotolewa bila kasoro. Sabuni yenyewe haikutengenezwa. Fedha zilipoingia waligawana sawa kwa sawa: mmoja akaongeza mchele na maharage kwenye genge lake, mwingine akanunua cherehani, wa tatu akalipa ada ya mtoto, wa nne akamaliza deni la kausha damu, mkopo wa mtaani wa riba kubwa, lililokuwa linamfuata mlangoni kila asubuhi. Matumizi yote hayo yana akili. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja lililokuwa kwenye andiko, na wakati wa kurejesha ulipofika, wawili ambao biashara zao zilikuwa zimechangamka hawakukubali kuwalipia wenzao. Kikundi kikafa, na deni likabaki kwenye vitabu vya halmashauri.

Mkopo usiodaiwa umeshakuwa ruzuku, na ruzuku hiyo anaipata aliye jeuri zaidi. Mwaminifu aliyejinyima akarejesha ndiye aliyepata kidogo. Kwa hiyo swali la kama tutoe ruzuku limepitwa na wakati. Tunazitoa tayari, ila kwa siri na kwa mpangilio mbaya.

Ruzuku ya wazi ingeleta nini? Ushahidi mzuri zaidi upo jirani, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2008, baada ya miaka mingi ya vita, serikali ya huko ilivipa vikundi vya vijana fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Kila kijana alipata wastani wa dola 382, karibu sawa na kipato chake cha mwaka mzima. Hakuna aliyetakiwa kurejesha, na baada ya fedha kutoka hakukuwa na ufuatiliaji wa maana. Watafiti wakawalinganisha na vijana wa vikundi vilivyoomba wakakosa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka minne, waliopata walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 38. Hawakuzilewea fedha hizo, walinunua vifaa wakafanya kazi.

Watafiti walirudi tena baada ya miaka tisa, na hapo ndipo wapinzani wa ruzuku wanapata nguvu. Vipato vilikuwa vimelingana. Waliokosa walijikusanyia mtaji wao polepole hadi wakawafikia wenzao, ingawa waliopata walikuwa bado na mali zaidi na wengi wao walikuwa mafundi. Mtu anaweza kusema: kama wangefika tu, fedha ilitumika ya nini? Mimi sioni hivyo. Miaka kadhaa ya kula vizuri na kusomesha ina thamani yake, hasa kwa kijana aliyepoteza utoto wake kambini. Ila matokeo hayo yanatuzuia kuahidi makubwa. Ruzuku inamfikisha mtu mapema. Haimgeuzi kuwa tajiri.

Kwa wanawake mambo ni magumu zaidi. Nchini Sri Lanka wafanyabiashara wadogo walipewa ruzuku za dola 100 au 200. Faida za wanaume zilipanda, za wanawake kwa wastani hazikusogea. Kwa muda ilionekana kama wanawake hawajui biashara. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba pale palipokuwa na biashara nyingine nyumbani, mara nyingi ya mume, mtaji wa mke ulihamia huko. Nchini Ghana, wanawake ambao biashara zao zilikuwa kubwa kiasi walinufaika walipopewa bidhaa au vifaa badala ya fedha taslimu, lakini wenye biashara ndogo kabisa hawakuona ongezeko. Mama lishe anayepewa jiko, masufuria na gunia la mchele ana kitu ambacho shemeji hawezi kukiazima kirahisi kama noti.

Kisha kuna suala la nani apewe, na hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Nigeria mwaka 2011 ilishindanisha maandiko ya biashara, ikawapa washindi 1,200 wastani wa dola 50,000 hivi, na biashara nyingi zilikua na kuajiri. Lakini shindano la andiko linampendelea anayejua kuandika. Kenya, kupitia NYOTA, mradi wa kuwapa vijana mtaji, imechagua mgao wa vijana 70 kwa kila wadi, kila mmoja shilingi 50,000 za huko kwa awamu mbili. Hiyo inapunguza malalamiko ya kikabila na ya kisiasa, ila inaihesabu wadi ya kitajiri ya Nairobi sawa na wadi maskini ya Turkana.

Hapa Tanzania, TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa miaka mingi imewatambua walengwa wake kwenye mikutano ya vijiji na mitaa, na imetoa ruzuku ya uzalishaji kwa kaya maskini. Njia hiyo ina kelele na upendeleo wake, lakini majirani wanajua nani ana nyumba ya kupangisha na nani analala njaa.

Ningeanza na ile asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Fundi viatu asiyeweza kutembea analipa bajaji kwenda na kurudi kila siku, gharama ambayo mshindani wake hana na ambayo ratiba ya marejesho haiijui. Apewe vifaa vyake, yeye binafsi. Baada ya mwaka mmoja wa kazi inayoonekana, afunguliwe mlango wa mkopo usio na riba kama atautaka. Na kabla shilingi haijatoka, jina lake, kiasi na kazi anayofanya vibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya serikali ya mtaa kwa wiki mbili, mwenye pingamizi aseme.