Tuache Kubandika Bendera Penye Jina la Kiswahili

Fungua menyu ya lugha kwenye tovuti nyingi: Kiswahili kimewekewa bendera ya Tanzania, kwingine ya Kenya. Naona ni kosa, na linaanzia kwenye ufundi wenyewe.

Emoji ya bendera huundwa na herufi mbili maalumu, kati ya 26 zilizoingia katika Unicode 6.0 (Unicode ni kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta na simu) mwaka 2010. T ikifuatwa na Z, simu inachora bendera ya Tanzania. K na E, ya Kenya. Misimbo hiyo inatoka ISO 3166, orodha ya nchi na maeneo. Lugha zina orodha yake, ISO 639, na humo Kiswahili ni sw.

Watengeneza programu wengine huchanganya orodha hizo. Wanachukua msimbo wa lugha na kuugeuza bendera moja kwa moja. Kiarabu ni ar, basi Mwomani anayetafuta lugha yake anakutana na bendera ya Argentina. Kiswidi ni sv, inatokea El Salvador. Kiswahili hakipati bendera yoyote, kwa kuwa hakuna nchi yenye SW. Ndipo mtu anabandika TZ kwa mkono.

Sasa Mkenya, ambaye Katiba yake ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, achague Tanzania? Na mtu wa Lubumbashi, kule Kongo, je? Zanzibar ndiyo inaniuma zaidi. Kiunguja, lahaja ya huko, ni msingi wa Kiswahili sanifu, lakini bendera ya Zanzibar haina emoji. Wales na Scotland zilipata zao mwaka 2017; tangu 2022 Unicode haipokei tena maombi ya bendera mpya.

Kuna pia asiyeona: programu inayomsomea skrini hutamka jina la nchi, lugha haitajwi. Kwenye kompyuta nyingi za Windows bendera haichorwi kabisa, zinabaki herufi TZ.

Dawa yake ni ndogo. Andika “Kiswahili”, herufi zote, bila picha, na kwenye HTML, yaani msimbo wa kuundia kurasa za tovuti, weka lang="sw". Kama maudhui yanatofautiana kweli kati ya nchi, bei kwa mfano, tumia sw-TZ na sw-KE, kisha mtumiaji aone “Kiswahili (Tanzania)” au “Kiswahili (Kenya)”. Bendera ibaki panapochaguliwa nchi hasa, kama vile +255 au +254 kabla ya namba ya simu.