Ngozi haiulizi kitu kimetoka wapi

Kuna kanuni moja inayopita mdomo kwa mdomo kati ya wanawake wanaoamini vitu vya asili: usipake usoni kitu usichoweza kukila. Inavutia. Ni fupi, inakumbukika, na inampa mtu kipimo cha kutumia mwenyewe bila kuhangaika na maandishi madogo ya nyuma ya kopo. Lakini ijaribu kwa vitu viwili tu. Limau linaliwa, na likipakwa usoni linaweza kuunguza. Mafuta ya mgando hayaliwi, yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na tangu Robert Chesebrough alipoyapatia hataza Marekani mwaka 1872 mpaka leo ni miongoni mwa vitu bora kabisa vya kuzuia ngozi kavu isipoteze maji.

Upande wa pili nao una kanuni yake: achana na mambo ya jikoni, tumia kilichopimwa maabara. Hiyo pia ina nyufa, na nitazifikia. Ninachokiona mimi ni kwamba pande hizi mbili zinagombania chimbuko la kitu, wakati ngozi haijali chimbuko. Inajali ukali wa kile kitu, kiasi chake, muda kilioachwa juu yake, na hali iliyokuwa nayo yenyewe kabla hakijaigusa.

Tuanze na limau, kwa sababu ndilo linaloshauriwa kuliko vyote. Tumbo limeumbwa kupokea na kusaga; ngozi imeumbwa kuzuia. Tabaka lake la juu kabisa usoni ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ni seli zilizokufa zimepangwa kama matofali, na katikati yake mafuta yanayoziunganisha. Ukuta huo una uchachu kidogo, pH karibu 5 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda). Maji ya limau yana pH karibu 2, na katika kipimo hicho kila hatua moja ni mara kumi. Hatua tatu ni mara elfu. Huo ndio ukali tunaoambiwa tuuache usoni nusu saa.

Kisha linakuja jua. Ndani ya ndimu na malimau, hasa kwenye maganda, mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Zikiwa juu ya ngozi na mwanga wa jua ukazipiga, ngozi inaungua: wekundu, pengine malengelenge, kisha weusi unaoweza kukaa wiki nyingi au miezi. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipopaka limau kwenye madoa mawili ya chunusi shavuni, nikatoka juani. Madoa mawili yakawa baka moja, na baka hilo nilikaa nalo mwaka mzima nikilificha kwa poda. Nilidhani nina ngozi mbaya. Kumbe ngozi nyeusi ndivyo ilivyo: yenye melanini nyingi, yaani rangi asilia ya ngozi, huacha alama nyeusi kila inapojeruhiwa, iwe na chunusi, kucha, au dawa kali. Kwa hiyo ushauri wa limau unawaumiza zaidi walewale wanaoukimbilia ili kuondoa madoa.

Isieleweke kwamba mimea haina kitu. Mwaka 1990 watafiti wa Australia waliwachukua watu 124 wenye chunusi, wengine wakapewa mafuta ya melaleuka, mti wa huko huko, yaliyozimuliwa kufikia asilimia 5, wengine benzoili peroksaidi ya asilimia 5, dawa ya kawaida ya chunusi. Zote mbili zilisaidia. Mafuta ya mmea yalichelewa kidogo, lakini waliolalamika ukavu na mwasho walikuwa wachache zaidi. Unga laini wa oti ulikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2003 kuwa kinga ya ngozi inayowasha. Asidi ya azelaiki, inayotibu chunusi na kupunguza madoa, imo katika ngano na shayiri. Asali hutumika hospitalini kwenye vidonda, ikiwa imeandaliwa na kuuliwa vijidudu. Ukiitazama orodha hii utaona kwamba kila mmea ulifanya kazi pale ulipopimwa. Mafuta yale yale ya melaleuka yakipakwa bila kuzimuliwa huchoma na kuleta mzio.

Lakini nguvu halisi ya upande wa asili, kwa maoni yangu, haimo katika mimea. Imo katika kutoamini, na kutoamini huko kuna sababu nzito. Krimu za kung'arisha ngozi zimewaumiza wanawake wengi mno. Zimekutwa na zebaki, ambayo huharibu figo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto anayelala kitanda kimoja na mama anayejipaka. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka ukomo wa miligramu moja ya zebaki kwa kilo ya kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata nafasi hiyo ndogo. Haidrokwinoni, kemikali inayofifisha rangi ya ngozi, ilipigwa marufuku katika krimu za kung'arisha ngozi barani Ulaya mwaka 2001. Ikitumika miaka mingi inaweza kuifanya ngozi iwe na weusi wa kibuluu ambao ni vigumu sana kuutibu. Halafu kuna klobetasoli, steroidi kali ambayo daktari huiandika kwa wiki mbili hivi, na kwa kawaida si ya usoni. Watu huipaka kila siku kwa miaka. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinafumuka, na siku mtu akiacha uso unawaka moto, hivyo anairudia.

Mwanamke aliyemwona ndugu yake akiharibika uso kwa krimu yenye kopo zuri halafu akaamua kurudi kwenye shubiri, simlaumu hata kidogo. Ila lazima niseme: zebaki ni ya asili. Inachimbwa ardhini kama dhahabu. Kilichomdhuru ndugu yake ni kuuziwa sumu bila kuambiwa, na mchanganyiko wa mitishamba usio na lebo unaweza kumfanyia vivyo hivyo.

Kuna kisa ambacho kila mwenye kuogopa neno «kemikali» anastahili kukijua. Parabeni ni vihifadhi vilivyoanza kutumika miaka ya 1920, kazi yake kuzuia bakteria na kuvu wasizaliane ndani ya krimu. Mwaka 2004 Philippa Darbre wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, na wenzake walitangaza kwamba wamekuta parabeni katika sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Habari ikasambaa kama moto wa nyika. Kilichodondoka njiani ni kwamba sampuli hizo hazikulinganishwa na tishu za matiti yasiyo na saratani, na kwamba kukuta kitu ndani ya uvimbe si sawa na kuthibitisha kuwa ndicho kilichouleta. Viwanda vikawaogopa wateja, vikaziondoa, vikaandika kwa herufi kubwa «haina parabeni». Lakini krimu yenye maji haiwezi kukaa bila kihifadhi. Sehemu ya nafasi hiyo ikachukuliwa na kitu kingine, methiliisothiazolinoni, na kliniki za ngozi zikaanza kupokea watu wenye mzio mkali usoni na mikononi. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliitaja kuwa kichochezi cha mzio cha mwaka. Ulaya baadaye ikaipiga marufuku katika vipodozi vinavyobaki mwilini bila kuoshwa. Mwaka 2019 chama kile kile kikazigeukia parabeni, kikazitaja kuwa kitu cha mwaka kisicho kichochezi cha mzio, kwa jinsi zilivyo nadra kuudhi ngozi.

Woga wa wanawake haukuwa bure wote. Mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ulizikataza parabeni tano zilizokosa ushahidi wa kutosha wa usalama, ukapunguza kiwango cha nyingine mbili, na kuziacha zile zilizochunguzwa vizuri. Hivyo ndivyo ningependa tuwe tunafanya: kuchambua moja moja. Na anayetengeneza vyake nyumbani akumbuke kazi ya kihifadhi. Shubiri iliyokatwa leo na kupakwa leo ni sawa. Ikisagwa na maji na kuwekwa bafuni wiki tatu, huwezi tena kujua unapaka nini.

Sasa upande wa maabara ujibu na wenyewe. Kosa lake kubwa ni wingi. Mwanamke anaanza na sabuni ya uso, anaongezewa asidi ya kung'oa seli, vitamini C, retinoli ya jamii ya vitamini A, asidi nyingine ya usiku, na uso ukianza kuchonyota anauziwa krimu ya kutuliza mchonyoto. Ule ukuta wa matofali umebomolewa na vitu ambavyo kila kimoja, peke yake, kina ushahidi. Bibi aliyeoga kwa maji, akajipaka mafuta, basi, alikuwa na hekima ambayo maabara inaithibitisha kila siku na wauzaji wanaificha. Wasichana wa miaka kumi na mbili wanapaka dawa za kuzuia uzee, na hilo linaniuma.

Maneno ya kwenye makopo nayo yanadanganya kwa upole. Nchini Marekani, neno «asili» kwenye kipodozi halina maana ya kisheria, na neno linaloahidi kutoleta mzio halina kiwango lilichowekewa. Kwa hiyo pande zote mbili zinauza kwa maneno yasiyo na mlinzi. Mimi huangalia muda ulioahidiwa. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne, na zaidi kadiri umri unavyokwenda. Krimu inayofuta madoa kwa siku tatu inanitisha, kwani vitu vinavyoweza kuubadilisha uso kwa kasi hiyo ni vichache, na steroidi ni mojawapo.

Katika suala la maji ya kunywa pande zote zinakubaliana, na zote zinazidisha. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 lita mbili kwa siku kwa mwanamke, na humo imehesabiwa chai, mchuzi, matunda, kila kitu. Ukishatosheka, glasi ya ziada haiendi kung'arisha shavu. Ukavu wa ngozi hutibiwa kwa kuipaka mafuta ingali na unyevu wa kuoga.

Kuhusu jua, mizani yangu inalemea upande mmoja. Losheni ya jua yenye namba 30 (SPF 30) huzuia takriban asilimia 97 ya miale inayounguza, ikipakwa ya kutosha. Mafuta ya mimea hayawezi kazi hiyo. Ni kweli melanini ni kinga, lakini mwanga wa kawaida unaoonekana nao huongeza madoa kwenye ngozi nyeusi, ndiyo maana mwenye madoa ya usoni hufaidika zaidi na losheni ya jua yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma.

Ujauzito unabadilisha hesabu zote. Dawa za jamii ya vitamini A zinaachwa, na vidonge vya chunusi vya isotretinoini, vilivyoingia sokoni Marekani mwaka 1982, vinajulikana kulemaza mtoto tumboni. Haidrokwinoni hupenya ngozi kwa kiasi kikubwa, nayo iachwe. Lakini mafuta makali ya mimea nayo si ya kupakwa ovyo kipindi hicho. Asidi ya azelaiki ndiyo ambayo madaktari wengi hukubali.

Na ukeni? Huko sikubaliani na upande wowote. Uke wenye afya una pH kati ya 3.8 na 4.5, unaotunzwa na bakteria wema, na kuuosha kwa ndani, iwe kwa majani yaliyochemshwa au kwa kimiminika cha dukani chenye manukato, huwaondoa walinzi hao na kunahusishwa na maambukizi. Nje paoshwe kwa maji. Ndani paachwe.

Lipo jambo linaloniumiza zaidi ya yote, na katika hilo pande hizi mbili ni kitu kimoja. Nalifikiria kila ninapomwona mwanamke amefunga kitambaa shingoni siku ya joto. Shingo yake ina weusi, ngozi imekuwa nene na laini kama mahameli, kwapani vilevile. Ameambiwa ni uchafu. Amesugua kwa limau na sukari, kisha akanunua krimu ya asidi, kisha akasugua tena kwa jiwe, na kila jeraha likaongeza weusi. Mara nyingi alama hiyo huletwa na mwili kuwa na insulini, homoni inayodhibiti sukari ya damu, nyingi kupita kiasi, dalili inayoweza kutangulia kisukari kwa miaka. Ikija pamoja na hedhi inayoruka miezi, ndevu kidevuni na chunusi za taya zisizokoma, huenda ni mvurugiko wa homoni unaoathiri mayai, ambao huwapata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi. Anachohitaji mama huyo ni kupimwa sukari ya damu na kukaa na daktari atakayemuuliza kuhusu hedhi yake, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu wote waliomshauri walikuwa wanabishana apake nini.